Kikao J4, saa 3

Ujumbe wa simu ulisomeka hivi: "Kikao J4 saa 3. Ajenda: bei ya tafsiri. Asiyeweza ajibu c." Ukihesabu kila herufi, kila nukta na kila nafasi tupu, unapata 58. Katibu wa kikundi chetu cha wafasiri na wasahihishaji aliwatumia wenzake 10 Jumapili usiku, tarehe 5 Juni 2011. Hao ni watu ambao riziki yao inatoka kwenye maneno. Jumanne saa tatu asubuhi chumbani tulikuwa saba. Kwa katiba ya kikundi bei haipitishwi mpaka thuluthi mbili ya wanachama wawepo, na kwa watu 11 hiyo ni kuanzia 8. Tulipungukiwa na mtu mmoja.

Wawili walishaomba udhuru. Wawili wengine hawakuwa wamesema lolote, kwa hiyo katibu akawapigia, simu ikiwa kwenye spika ili sote tusikie. Wa kwanza akauliza, "Kikao si Alhamisi?" Wa pili alikuwa kazini na alishangaa kutafutwa mapema vile, maana yeye alikuwa amekiandika kwenye kalenda ya simu yake saa tisa alasiri. Hakuna kati yao aliyeweza kufika asubuhi ile. Kisha ikagundulika kasoro ya tatu, hii ikiwa imeketi mbele yetu: dada mmoja aliyekuwepo hakuwa na nakala ya jedwali la bei kwa sababu jina lake lilikuwa limekatwa kwenye orodha ya wahudhuriaji. Yeye alijibu "c mbaya ntafika", yaani si mbaya, nitafika. Katibu alikuwa amewaambia watu wajibu c kama hawaji, na simu yake huonyesha mwanzo tu wa ujumbe uliopokelewa. Aliona c, akakata jina.

Bei ikawekwa kando. Saa mbili zilizofuata zilitumika kuuchambua ule ujumbe wa herufi 58, na ninazikumbuka kuliko vikao vingi vilivyopitisha mambo makubwa zaidi.

Tulianza na J4, kwa sababu aliyeisoma vibaya hakuwa mzembe. Juma la Kiswahili linahesabiwa kuanzia Jumamosi: mosi, pili, tatu, nne, tano. Ndiyo maana mtu akiandika J1 anakusudia Jumamosi, J2 ni Jumapili, J3 Jumatatu, J4 Jumanne, J5 Jumatano. Hapo hesabu inakatika na inaingia Alhamisi, neno lililotoka katika Kiarabu, nalo asili yake ni tano vilevile, kwa kuwa Waarabu huanzia kuhesabu Jumapili. Kwa hiyo juma letu lina tano mbili zilizokaa bega kwa bega. Mwenzetu yule siku hizo alikuwa akifanya kazi ndani ya programu inayozipa siku namba kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, ambacho siku ya 1 ni Jumatatu na siku ya 4 ni Alhamisi. Kutwa anaiona 4, kutwa ni Alhamisi. "Jumanne" ikiandikwa nzima ina "nne" yake ndani na hakuna anayeikosea. "J4" imebaki na tarakimu peke yake, na kila msomaji anaifungua kwa ufunguo alioushika mkononi wakati huo.

Saa nayo ni hivyo hivyo. Sisi tunahesabu tangu jua linapochomoza, basi saa tatu asubuhi kwenye kioo cha simu ni 9:00, na 3:00 ya mchana ni saa tisa. Ukiandika "saa tatu" kwa maneno, msomaji anaisikia kwa Kiswahili. Ukiandika "saa 3", tarakimu haina lugha. Aliyekosea hapo ni mkalimani anayepanga miadi yake yote kwenye kalenda inayohesabu saa kwa Kizungu. Neno moja tu, "asubuhi", lingemwokoa, nalo lina herufi saba, na ujumbe ulikuwa na nafasi 102 zilizoachwa bure kati ya 160 za SMS moja.

Mama mweka hazina, ambaye amefundisha na kusahihisha insha za wanafunzi kwa miaka mingi, hakuhitaji kusikia zaidi. Akapendekeza vifupisho vipigwe marufuku kabisa katika mawasiliano ya kikundi. Alisema wanafunzi wanamwandikia "wa2 weng walikuja" ndani ya insha, na wakiulizwa wanashangaa, hawaoni kosa liko wapi. Kwake lilikuwa jambo la heshima: anayekuandikia nusu neno amekupa nusu ya akili yake.

Kijana wetu wa kupanga kurasa aliomba ruhusa, akatoa simu yake ya vitufe, akamsogelea. "Mama, bonyeza *sasa*."

Mama akabonyeza, sote tukihesabu. Kwenye simu zile kitufe cha 7 kina P, Q, R na S, kwa hiyo S inapatikana kwa kubonyeza mara nne. A iko mwanzoni mwa kitufe cha 2, mara moja. Nne, moja, nne, moja: mibonyezo 10. "Sasa bonyeza *xaxa*." X iko ya pili kwenye kitufe cha 9. Mbili, moja, mbili, moja: 6. Neno ambalo wasahihishaji wote pale tulikuwa tukilidharau, kwa hoja kwamba herufi zake ni nne kama za lile sahihi na hivyo halifupishi chochote, lilikuwa linaokoa mibonyezo minne kati ya kumi. Hatukuwahi kulihesabu kwa kidole, tulikuwa tukilihesabu kwa jicho.

Akaendelea na "tutaonana". T na U zote mbili ziko kwenye kitufe cha 8. Ukimaliza T huwezi kubonyeza U papo hapo, simu itadhani unaibadilisha ile T. Lazima usubiri kishale kisogee. Halafu inakuja T nyingine, unasubiri tena. Mbele kuna O na N, nazo ziko pamoja kwenye kitufe cha 6, unasubiri mara ya tatu. Mwandishi anayeweka "2" mahali pa "tu" hushikilia kitufe cha 2 mara moja mpaka tarakimu itokee, na vituo viwili vya kusubiri vinafutika. Neno "mno" ndilo gumu kuliko yote kwa udogo wake, kwani M, N na O zote ziko kwenye kitufe cha 6. Na simu nyingi tulizokuwa nazo hazikuwa na kamusi ya Kiswahili ya kukumalizia neno, ukiiwasha ile ya lugha nyingine inakubadilishia kila ulichoandika.

Kuna jambo ambalo kijana hakulisema lakini sisi wa tahajia tuliliona mara moja alipoandika mifano yake ubaoni. Tahajia sanifu ya Kiswahili haitumii Q wala X, na C haisimami peke yake, huja na H tu. Hizo ni herufi zilizokaa bila kazi. Waandishi wa meseji walizichukua wakazipa kazi: X ikasimama badala ya S, na C ikabeba "si" nzima, kwa jinsi jina lake linavyotamkwa kwa Kiingereza. "Sijui" ni mibonyezo 13, "cjui" ni 9. Walichagua herufi ambazo haziwezi kuchanganywa na neno jingine la Kiswahili, na huo ni ufundi. Ninasema hivi kwa dhati, kwa sababu hadi leo nawasikia watu wakiita jambo lile uvivu.

Lakini C hiyo hiyo ndiyo iliyomkata dada yetu, na hapa ndipo Mama alipokuwa na haki zaidi ya alivyojua mwenyewe. Katika Kiswahili ukanushi hukaa ndani ya kitenzi, mara nyingi kwenye silabi moja. "Tuje" na "tusije" zimetengwa na "si". Ukiziandika "2je" na "2cje", mkutano wote unaning'inia kwenye herufi moja ndogo, katikati ya neno, ambayo kidole kikiteleza haipo. "Ntakuja" na "ctakuja" zinatofautiana kwa herufi ya kwanza tu. Msomaji aliyechoka husoma umbo la neno, hasomi herufi moja moja. Kwa hiyo ukanushi ndio mahali pa mwisho pa kufupishwa, na ndio mahali pa kwanza vifupisho vyetu vilipokimbilia.

Irabu nazo zina hatari yake. Katika lugha zenye maneno ya konsonanti nyingi, ukiondoa irabu mifupa inabaki na neno linatambulika. Kiswahili kimejengwa kwa silabi zinazoishia na irabu, na irabu ndizo zinazotenganisha maneno. Andika "klm": ni kalamu, kilimo, kilema au kulima. Waliokuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walitia alama za irabu juu na chini ya herufi kwa sababu hiyo hiyo, bila alama msomaji angebahatisha. "Ktk" na "lkn" zinapita salama kwa kuwa hakuna neno jingine la kawaida linalogombania konsonanti hizo. "Kbs" vilevile. Dada aliyekatwa jina akatupa mfano uliofanya chumba kinyamaze: aliwahi kupokea ujumbe kutoka nyumbani ukisema "bb mgonjwa sn njoo". Alikuwa na baba, babu na bibi. Alipiga simu njia nzima haipokelewi, na hakujua anasafiri kwa ajili ya nani.

Mzee wetu, aliyepanga herufi za risasi za kuchapia ujanani na baadaye akawa msahihishaji wa magazeti, alisubiri zamu yake. Akamgeukia Mama. "Mama, barua zako zote juu zina S.L.P. Mbona hatujakuita mvivu?" Akataja n.k., k.m., taz., uk., Bw., Dkt., akasema kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa kifupisho cha mtu fulani aliyeona tabu kuandika neno lote, mpaka wengine wakakikubali. Akakumbusha enzi za telegramu, ambapo kila neno lililipiwa, na watu wazima wenye suti waliandika kwa mkato bila aibu. Waendesha telegrafu wenyewe walikuwa na vifupisho vyao, na vya Walter Phillips wa Marekani vilichapwa kuwa kitabu mwaka 1879. Namba 73, ambayo maana yake ni salamu njema, bado inatumiwa na wanaowasiliana kwa redio.

Kijana akaongeza habari iliyokuwa mpya mwaka ule. Mwezi Machi 2011 kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford ilikuwa imeingiza LOL na OMG, na katika kutafuta ushahidi wa zamani wa OMG, wahariri waliukuta kwenye barua ya mwaka 1917. Iliandikwa na John Fisher, mkuu wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, kwenda kwa Winston Churchill. Fisher alikuwa na miaka 76. Mama alicheka, akataka arudiwe umri huo.

Hofu yake kuhusu watoto haikuisha kwa hilo, na sioni kwa nini ingeisha. Mmoja wetu anayefasiri makala za elimu alimweleza utafiti wa Beverly Plester, Clare Wood na Puja Joshi, uliochapishwa mwaka 2009 nchini Uingereza. Walichukua watoto 88 wa miaka 10 hadi 12, wakawaomba waandike ujumbe ambao wangeutuma katika hali mbalimbali, kisha wakapima usomaji wao. Waliotumia mikato kwa wingi zaidi ndio waliosoma maneno vizuri zaidi. Maelezo yake yanaingia akilini: huwezi kuidondosha sauti usiyoisikia. Mtoto anayeandika "cjui" amekwisha kung'amua kwamba "si" ni kipande kinachojitegemea ndani ya "sijui". Mama alijibu, na alijibu vizuri, kwamba hao ni watoto wa Kiingereza, lugha ambayo tahajia yake iko mbali na matamshi. Anayejifunza Kiswahili anaandika anavyotamka, na kazi ya mwalimu ni kumfunza mtoto kujua yuko wapi: kwenye simu au kwenye karatasi ya mtihani. Aliyeandika "wa2" ndani ya insha hakukosa akili. Alikosa kubadili nguo mlangoni.

Hapo nilidhani suala limeegemea upande wa kijana, mpaka Mzee mwenyewe alipolirudisha. Alisema "lkn" haimkeri, "ktk" haimkeri, hata "xaxa" baada ya hesabu ile amemsamehe mwandishi wake. Kinachomuuma ni "shkm".

Kijana akahesabu tena, kwa adabu safari hii. "Shikamoo" ni mibonyezo 19. H na I ziko kitufe kimoja, unasubiri. M, O na O ziko kitufe kimoja, unasubiri mara mbili. "Shkm" ni 9, bila kusubiri popote. Tena, akasema, Mzee, shikamoo lenyewe ni mkato wa kauli ya kushika miguu.

"Najua, mwanangu," Mzee akasema. "Lakini aliyelikata hilo alilikata kwa ajili ya watu wote. Wewe umelikata nilipofika mimi."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka. "Lakini" lina kazi ya kuunganisha sentensi, na kazi hiyo inafanyika hata likibaki konsonanti tatu. Salamu haina habari nyingine ya kupeleka zaidi ya ile taabu ya kuitoa. Ukiondoa taabu umeondoa ujumbe wenyewe. Ndivyo ilivyo kwa pole ya msiba na kwa asante ya jambo kubwa. "Pole sn" inafika kwa mfiwa ikiwa imepungua kile kitu kimoja alichokihitaji. Mwaka 2024 mtafiti David Fang na wenzake walichapisha majaribio manane yenye washiriki zaidi ya 5,000 kuhusu swali hilo hilo, na waliyoyakuta yangempa Mzee nguvu: ujumbe wenye vifupisho ulionekana kuwa na uaminifu mdogo, na waandishi wake walijibiwa kwa uchache zaidi, kwa sababu wasomaji waliona mwandishi hakujishughulisha. Siku hizi, kibodi ya kioo inapokumalizia neno, kifupisho hakiokoi karibu kitu tena. Kimebaki kuwa sauti. "Sawa" na "sw" si urefu tofauti, ni nyuso tofauti.

Na urefu nao haukupi heshima kila mara. Katika chuo kikuu cha Binghamton, Marekani, mwaka 2015, Celia Klin na wenzake waliwapa wanafunzi 126 majibu mafupi ya simu, mengine yakiwa na nukta mwishoni na mengine bila nukta. Yenye nukta yalionekana hayana moyo. Mama mweka hazina huweka nukta baada ya kila "Sawa." yake, na nusu ya kikundi tulikuwa tukijiuliza tumemkosea nini. Siku ile ndipo alipoambiwa, naye akashtuka kweli. Kwake nukta ni mwisho wa sentensi, basi.

Nilipewa kazi ya kuandika mwongozo, ukurasa mmoja. Tuliutunga pale pale. Cha kwanza tulichokubaliana ni vitu visivyofupishwa kamwe: ukanushi, siku, saa, kiasi, na jina la mtu pamoja na cheo chake cha ukoo. Siku iambatane na tarehe, saa iambatane na asubuhi, mchana au usiku. Ujumbe ukiwa na hesabu yoyote ndani yake, "2" isitumike kamwe mahali pa "tu". Mfano uliotushawishi aliuandika kijana mwenyewe: "wamekuja wa2 2 2". Ni watu wawili tu, lakini anayepanga viti atahangaika. Mtu unayemwandikia mara ya kwanza aandikiwe maneno kamili. Akijibu kwa mkato, ruhusa umepata, na usimzidi kwa mkato wake. Salamu kwa mkubwa, pole na asante ziandikwe zote. Jibu linaloombwa liwe neno zima lisiloweza kuanza sentensi nyingine kwa bahati mbaya. Vingine vyote, lkn, ktk, kbs, hv, vp, kila mtu na mkono wake.

Marufuku ya Mama ilipigiwa kura ikaanguka, watatu kwa wanne. Nilipiga kura ya hapana, na ningepiga hivyo leo.

Kilichobaki ni suala la nafasi, maana katibu alijitetea kwamba alifupisha ili ujumbe usigawanyike na kulipiwa mara mbili. Utetezi wake ulikuwa na msingi, ila hakuwa amehesabu. Ujumbe mmoja wa SMS una baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida huchukua biti 7 kila moja, na 1,120 ukigawa kwa 7 unapata 160. Friedhelm Hillebrand, mhandisi Mjerumani, mwaka 1985 alikaa na taipureta akaandika sentensi za kawaida na kuhesabu, akaona karibu zote zinaenea humo. Ujumbe wa kwanza kabisa, uliotumwa tarehe 3 Desemba 1992 na Neil Papworth kutoka kwenye kompyuta, ulikuwa "Merry Christmas", maneno kamili, herufi 15 pamoja na nafasi. Ukipita 160 ujumbe unakatwa vipande, na kila kipande kinabaki na nafasi ya herufi 153 kwa sababu nafasi saba huliwa na alama za kuviunganisha tena.

Kiswahili kina bahati hapa. Hakina herufi hata moja yenye alama ya ziada juu au chini yake, kwa hiyo chote kinaingia kwenye hizo biti 7. Mtego uko mmoja, na ni wa kwetu: kile kipashio cha ng'. Alama iliyonyooka, ', imo kwenye orodha ya herufi za kawaida. Alama iliyopinda, ’, ambayo programu za kuandikia kwenye kompyuta huiweka zenyewe, haimo. Ukinakili "ng’ambo" yenye alama iliyopinda na kuibandika kwenye ujumbe, simu inalazimika kuandika ujumbe mzima kwa biti 16, na 1,120 kwa 16 ni 70. Ujumbe wa herufi 120 uliokuwa mmoja unageuka kuwa viwili, kila kipande kikibeba herufi zisizozidi 67. Mtu anaanza kukata maneno, anakata salamu, anakata "asubuhi", na hesabu bado inamkatalia, kumbe mwizi ni alama moja ndogo. Dawa ni kuifuta ile alama na kuibonyeza upya kwenye simu yenyewe. Nililiweka hilo kwenye mwongozo kwa herufi nzito, na ndilo watu waliloniuliza zaidi miaka iliyofuata.

Kabla hatujatawanyika, katibu aliandika ujumbe wa kikao kingine mbele yetu, bila kufupisha, Mzee akimsomea kwa sauti: "Kikao Jumanne tarehe 14 Juni 2011, saa 3 asubuhi. Ajenda: bei ya tafsiri. Asiyeweza kuja ajibu SITAKUJA." Tukahesabu mara mbili. Herufi 104. Zilibaki 56.

Ulitumwa saa tano na robo. Dada akajibu wa kwanza: "Nitakuja." Wa Alhamisi akajibu kutoka alikokuwa, neno hilo hilo. Mama akajibu "Sawa" na akasita, kidole kikiwa juu ya kitufe, kisha akaituma bila nukta. Jibu la kijana lilikuwa "ntakuja", na katibu akaweka alama ya ndiyo mbele ya jina lake.